Kovu la goti la kushoto

Kwenye goti langu la kushoto kuna kovu dogo lenye umbo la koma. Nililipata nikiwa na miaka saba, siku tulipoanguka na baiskeli kwenye mteremko. Mimi nimeshika usukani, kaka yangu amekaa kwenye keria, breki ya nyuma imekatika. Muda mfupi kabla hatujaanza kushuka niliona shuka jekundu limeanikwa kwenye kamba. Pembe yake moja ilikuwa imechomoka kwenye kibanio, inapigwapigwa na upepo. Shuka lile halikuhusika na ajali kwa vyovyote vile. Lakini zaidi ya miaka 30 baadaye bado naliona, na pembe yake bado inapepea.

Kaka anakataa. Anasema yeye ndiye aliyeendesha, mimi nilikuwa nyuma, breki zilikuwa nzima, na tulianguka kwa sababu nilimziba macho kwa mikono. "Mdogo wangu, wewe hata pedali ulikuwa huzifikii," huniambia kila tukikutana, na kile kicheko chake huniudhi kuliko hata kidonda kilivyoniuma.

Kwa miaka mingi ubishi huo ulikuwa wa kupitishia muda tu. Kisha nikasoma jambo ambalo liliniganda kichwani: protini zilizokuwa ndani ya ubongo wangu siku ile karibu zote zimeshapotea, na nyingi hazikumaliza hata mwezi. Protini nyingi za ubongo huishi siku kadhaa, au wiki chache zikijaliwa, halafu huvunjwa na vipande vyake kutumika kuunda nyingine. Zipo chache zinazodumu miezi na zaidi, ila hizo ni wazee wa kijiji, wengine wote ni wapita njia. Na bado, majaribio mengi ya kuzuia protini yanaonyesha kwamba bila protini mpya hakuna kumbukumbu ya kudumu. Sasa shuka langu jekundu linakaa wapi?

Ushahidi wa mwanzo uliletwa na samaki. Katika miaka ya 1960, kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, Bernard Agranoff aliwafundisha samaki wa dhahabu somo dogo lenye uchungu: taa ikiwaka upande ulipo, vuka kizuizi uende upande wa pili, usipovuka utapigwa shoti ya umeme. Samaki hulishika somo hilo kwa majaribio 20 hivi. Baada ya hapo aliwadunga, kupitia fuvu, dawa ya puromisini, ambayo huzuia seli zisitengeneze protini. Waliodungwa mara tu baada ya somo, walipojaribiwa siku chache baadaye, walikuwa kama hawajapata kuiona taa ile maishani. Waliosubirishwa saa moja ndipo wakadungwa, walikumbuka. Dawa ile ile, dozi ile ile, tofauti ni saa moja.

Kuna kundi jingine ambalo ndilo lililonifanya nisome ukurasa ule mara mbili. Samaki waliodungwa kabla ya somo walijifunza vizuri tu. Taa inawaka, wanavuka, hakuna shida. Siku chache baadaye somo lote limefutika. Kwa hiyo kujifunza kunaweza kufanywa kwa protini zilizopo tayari. Kinachodai protini mpya ni kukiweka kile kilichojifunzwa kisiondoke.

Mtu anaweza kusema: umemtia sumu samaki, halafu unashangaa amesahau? Hoja hiyo ilitolewa, na ilikuwa ya haki, kwa sababu puromisini ina madhara mengi ya pembeni. Watafiti wakahamia dawa nyingine kama anisomisini, wakahamia pia wanyama wengine: panya, vifaranga, nzi, konokono wa baharini. Sura ya jibu ikabaki ile ile.

Kinachotokea ndani, kwa kadiri ninavyoweza kukieleza bila kumchosha mtu, ni hiki. Ubongo wa binadamu una neuroni zipatazo bilioni 86, na neuroni moja huzungumza na nyingine kwenye viungio vidogo viitwavyo sinapsi. Upande wa mtumaji humwaga kemikali, upande wa mpokeaji una protini zilizotega sikio, yaani vipokezi. Kipokezi kimoja, NMDA, kina tabia ya mlinzi wa geti asiyeaminika kirahisi. Mlango wake umezibwa na chembe ya magnesiamu, na haufunguki mpaka mambo mawili yatokee pamoja: mtumaji awe ameita, na mpokeaji naye awe ameamka tayari. Vikikutana, kizibo kinatoka, kalsiamu inaingia. Kalsiamu ndiyo habari yenyewe. Humwamsha kimeng'enya kiitwacho CaMKII, na vipokezi zaidi vya aina nyingine, AMPA, husukumwa hadi juu ya sinapsi. Mwito uleule ukija tena, sasa unasikika kwa sauti kubwa zaidi. Tim Bliss na Terje Lømo walichapisha mwaka 1973, kutokana na kazi yao ya Oslo kwa sungura waliolazwa kwa ganzi, kwamba sinapsi iliyochochewa kwa nguvu kwa muda mfupi inaweza kubaki imeimarika kwa masaa.

Hapo bado tuko kwenye protini za zamani zinazohamishwa na kurekebishwa. Ili jambo livuke siku, habari lazima zifike kwenye kiini cha seli. Eric Kandel aliyafuatilia hayo kwa konokono wa baharini mwenye neuroni zipatazo 20,000 tu, baadhi yake kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Mshtue konokono mara moja, atakuwa na woga kwa dakika kadhaa. Mshtue mara kadhaa kwa kuachia nafasi, atakuwa na woga kwa siku nyingi. Katika hali ya pili, protini iitwayo CREB huwasha jeni, protini mpya hutengenezwa, na neuroni huotesha viungio vipya kama mti unaochipua baada ya mvua. Kazi hiyo ilimpa Kandel sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000.

Hilo la kuachia nafasi linawahusu wote waliowahi kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani, nikiwemo mimi. Nzi wa matunda wakifundishwa mara 10 mfululizo, na wenzao mara 10 zilezile lakini wakipumzishwa dakika 15 kila baada ya somo, ni hao waliopumzishwa ndio wanaopata ile kumbukumbu ya muda mrefu inayotegemea protini mpya. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akisema "soma kidogo kidogo" nami nikamwona anatupotezea muda. Kumbe hata nzi anamuunga mkono.

Sasa nirudi kwa shuka langu, kwa sababu kuna swali lililonisumbua hapa. Protini mpya zikitengenezwa kwa amri ya kiini cha seli, zitajuaje ziende sinapsi ipi? Neuroni moja ina sinapsi maelfu. Mwaka 1997 Uwe Frey na Richard Morris walionyesha jibu zuri mno: sinapsi iliyochochewa hujiwekea alama ya muda, na protini zinapopita hunaswa mahali penye alama. Ni kama mtu aliyetundika kitambaa mlangoni ili gari la mzigo lisimpite. Kinachovutia ni kwamba gari halihitaji kuwa limeitwa na mwenye kitambaa. Sinapsi iliyochochewa kidogo tu, ambayo peke yake isingeweza kuagiza protini, inaweza kunasa zilizoagizwa na jirani yake aliyechochewa vikali, mradi vyote vitokee ndani ya muda mfupi. Baadaye ikaonekana hata kwa panya walio hai: somo hafifu, ambalo kwa kawaida lingesahaulika, hudumu ikiwa ndani ya saa moja hivi panya atakutana na mazingira mageni kabisa.

Ndivyo ninavyojieleza lile shuka. Siwezi kulithibitisha, ni goti langu na kichwa changu. Lakini nikifikiria, shuka liliingia kichwani kama maelfu ya mambo mengine ya mchana ule, likaweka kijialama dhaifu, na lingefutika kabla ya jua kuzama. Kisha nikaanguka, nikaona damu, na kichwa changu kikaagiza protini kwa wingi. Shuka likadandia gari la watu.

Kuna wakati baadhi ya wanasayansi walikwenda mbali zaidi, wakadhani molekuli yenyewe ndiyo kumbukumbu, kwamba kila jambo limeandikwa kwenye kemikali yake unayoweza kuichota. James McConnell aliwasaga minyoo bapa waliofundishwa akawalisha wenzao wasiofundishwa, akadai wale walaji walirithi somo. Georges Ungar naye alichuja kutoka kwenye bongo za panya waliofunzwa kuogopa giza mnyororo mfupi wa asidi amino 15, akasema huo ndio woga wa giza. Maabara nyingine ziliporudia kazi hizo, matokeo hayakusimama. Nasikitika kidogo. Ingekuwa kweli, ubishi wangu na kaka ungeisha kwa kumnywesha kikombe kimoja.

Tukubaliane basi kwamba protini ni mafundi wanaobadilisha sinapsi, nayo kumbukumbu imo katika nguvu na mpangilio wa sinapsi nyingi kwa pamoja. Bado swali la mwanzo halijaguswa. Sinapsi nayo imejengwa kwa protini, na protini hizo nazo zinakufa. Nyumba ambayo kila tofali lake linaoza ndani ya mwezi inasimamaje miaka 30?

Jibu nililipata mahali nisipopatarajia, kwenye habari za kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mwaka 1740 George Anson wa jeshi la majini la Uingereza aliondoka na kikosi cha meli, safari iliyomfikisha kuizunguka dunia. Kiseyeye kiliwafyeka mabaharia wake. Miongoni mwao, kama maandishi ya safari ile yanavyosimulia, alikuwapo mzee aliyejeruhiwa zaidi ya nusu karne nyuma, kwenye mapigano ya mto Boyne, Ayalandi, mwaka 1690. Alikuwa amepona kabisa. Ugonjwa ulipomshika, majeraha yake yalifumuka kana kwamba hayajapata kupona, na mfupa wake uliokuwa umeunga ukaachana tena.

Mimi nilikuwa nikidhani kovu ni kiraka: fundi ameshakishona, amekusanya sindano zake, ameondoka. La. Kovu limefumwa kwa protini iitwayo kolajeni, na kolajeni hiyo huvunjwa na kufumwa upya muda wote wa maisha, daima kwa mchoro uleule wenye kasoro. Ufumaji unahitaji vitamini C. Ikikosekana, anayefuma anasimama huku anayefumua akiendelea na kazi yake. Yule mzee wa Boyne alikaa na mafundi hao ndani ya mwili wake kwa nusu karne bila kujua kwamba wapo, mpaka siku walipogoma.

Nilipolitazama tena goti langu jioni ile, sikuliona kama alama ya kitu kilichotokea zamani. Lilikuwa linatokea.

Inaelekea kumbukumbu nazo hukaa hivyohivyo. Francis Crick, yule wa muundo wa DNA, aliliweka wazi fumbo hilo mwaka 1984 katika makala fupi: huenda molekuli za kwenye sinapsi zimeshikana kiasi kwamba moja moja inaweza kutoka na mpya kuingia bila hali ya kundi zima kubadilika. John Lisman naye aliona kwamba CaMKII, kile kimeng'enya nilichokitaja hapo juu, kinafaa sana kwa kazi ya namna hiyo. Kina vipande 12 vilivyopangwa kwenye pete mbili za sita sita. Kikishaamshwa na kalsiamu, kipande kimoja humbandika jirani yake fosfati na kumweka katika hali ya kuwa macho hata kalsiamu ikiondoka. Kwa hiyo akija mgeni kuchukua nafasi ya aliyechakaa, majirani wanamwamsha naye. Ni ngoma ambayo wachezaji hubadilishana mmoja mmoja na ngoma isikatike. Panya waliozaliwa bila aina moja ya CaMKII walipochunguzwa mwaka 1992, walionekana kushindwa kujifunza mahali kitu kilipo. Iwapo kimeng'enya hicho kweli kinashikilia kumbukumbu kwa miaka, au kinaianzisha tu na kuwaachia wengine, wanaokifahamu bado wanabishana.

Mshindani wake, PKM-zeta, ana kisa kinachofaa tamthilia. Mwaka 2006 Todd Sacktor na wenzake walitangaza kwamba dawa iliyoundwa kukizuia kimeng'enya hicho, ikidungwa kwenye ubongo wa panya, hufuta kumbukumbu iliyokwisha kukomaa, hata ya mwezi mzima. Ndiyo kile kiseyeye: mzuie mfumaji, jeraha lifumuke. Watu walishtuka. Halafu mwaka 2013 maabara mbili zikazalisha panya wasiokuwa na PKM-zeta kabisa, na panya hao wakakumbuka bila tatizo. Mbaya zaidi, dawa ilifuta kumbukumbu zao pia, ingawa kile ilichodaiwa kukizuia hawakuwa nacho. Mimi ningekata tamaa nikafungua biashara nyingine. Wenyewe waliendelea, wakaonyesha kwamba PKM-zeta isipokuwapo, ndugu yake wa ukoo mmoja huchukua zamu. Mwaka 2024 wakaja na protini nyingine, KIBRA, ambayo hubaki kwenye sinapsi zilizoimarishwa na kuishika PKM-zeta mahali hapo. Kila moja huzeeka kwa wakati wake, lakini inayobaki humvuta mbadala wa aliyeondoka. Ukiwatenganisha wawili hao kwa dawa, kumbukumbu ya panya ya wiki nne inapotea. Baada ya yaliyotokea 2013 nimejifunza kutoshangilia mapema, ila umbo la jibu linanishawishi.

Nimtaje Arc japo kwa haraka, maana sitajisamehe nikimwacha. Ni protini inayotengenezwa kwa kasi neuroni zinapofanya kazi, na panya wasio nayo hujifunza lakini hawadumu na walichojifunza. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba Arc hujikusanya ikaunda kigamba kama cha virusi, ikabeba ndani yake RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, na kuivusha kutoka seli moja hadi nyingine. Jeni lake linatokana na kipande cha zamani sana chenye undugu na virusi, kilichojipachika ndani ya mababu wa wanyama mamilioni ya miaka iliyopita. Yaani sehemu ya uwezo wetu wa kukumbuka ni mgeni aliyeingia bila hodi akageuka mwenyeji.

Kilichonirudisha kwa kaka ni jaribio la mwaka 2000 la Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux. Panya walifundishwa kwamba sauti fulani inafuatwa na shoti. Kesho yake, kumbukumbu ikiwa imeshatulia, walisikilizishwa sauti ile mara moja, kisha wakadungwa anisomisini kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Siku iliyofuata hofu yao ilikuwa imepungua sana. Panya waliodungwa bila kukumbushwa kwanza hawakupoteza kitu. Maana yake ni kwamba kumbukumbu hiyo ilipoitwa ililegea, na kuirudisha mahali pake kulihitaji protini mpya, kama vile ilivyohitajika siku ya kwanza. Si kila kumbukumbu hulegea hivyo kila inapoitwa. Za zamani sana na zenye mizizi mirefu huonekana kuwa ngumu zaidi. Lakini mlango upo. Na kitu kilicholegea kinaweza kurudishwa kikiwa kimebadilika kidogo.

Kuna jaribio moja linaloharibu usafi wa hadithi hii, nami nalipenda kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2015 Tomás Ryan, akiwa katika maabara ya Susumu Tonegawa kwenye chuo cha MIT, Marekani, aliweka kwenye neuroni za panya zilizoshiriki katika somo protini ya mwani inayoitika mwanga. Kisha akawanyima panya protini mpya kwa anisomisini, wakasahau kama ilivyotarajiwa. Alipoziangazia neuroni zile, panya waliganda kwa hofu. Walikuwa wanakumbuka. Sinapsi zao hazikuwa zimeimarika, lakini inaelekea mtandao wa nani ameungana na nani ulikuwa umebaki. Pengine basi protini mpya zinachangia zaidi katika kuifikia kumbukumbu kuliko kuihifadhi. Tangu nilisome hilo, sina hakika tena kwamba samaki wa Agranoff walisahau. Huenda walikuwa na somo lao ndani, na njia ya kulifikia imeota majani.

Wiki iliyopita nilimsimulia kaka haya yote. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea, mpaka nikafika kwa panya wa Nader. Hapo akanikatiza.

"Hiki kisa cha baiskeli, kati yetu nani hukisimulia zaidi?"

Nikanyamaza. Ni mimi. Shuleni, kazini, kwa watoto, sasa nimekiandika hata hapa.

"Basi mdogo wangu," akasema, "ya kwako imefumwa upya mara nyingi kuliko ya kwangu."

Nikamuuliza kama yeye anakumbuka chochote kingine cha siku ile, kabla ya mteremko. Akafikiri kidogo, akasema kulikuwa na shuka limeanikwa, jekundu, limechomoka kwenye kibanio. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja hivi. Kisha nikaanza kuhesabu ni mara ngapi, katika miaka hii yote ya kubishana, mimi mwenyewe nimemtajia lile shuka.